Kabla ya Kulifungua: Ushahidi na Hukumu juu ya Faili Linaloshukiwa

Mada niliyopewa ni fupi kuitamka: mtu atajuaje kama faili lililo kwenye kompyuta yake ni programu hasidi? Najua wengi wanatarajia nitaje jina la antivairasi nzuri kisha tuagane. Jibu nitakalolitetea ni jingine. Hakuna programu, ya bure wala ya kulipia, inayoweza kututolea hukumu ya mwisho juu ya kila faili. Tunachoweza kupata ni ushahidi, mwingine mzito na mwingine mwepesi, na uamuzi wa kufungua au kuacha hubaki mikononi mwetu. Tena mahali kama hapa, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ambapo kompyuta moja huhudumia watu wengi, uamuzi huo hauwezi kuachiwa busara ya kila mtu na wakati wake. Unapaswa kuwa na utaratibu unaojulikana, ulioandikwa ukutani, na unaomhusu mwalimu sawasawa na mwanafunzi.

Nianze na jambo lililoigusa nchi nzima. Februari 2024 utoaji wa pasipoti Malawi ulisimama. Rais wa wakati huo, Lazarus Chakwera, aliliambia Bunge, hapo Lilongwe, kwamba wadukuzi wameingilia mfumo wa Idara ya Uhamiaji, kwamba wanadai fidia, na kwamba serikali haitawalipa. Wapo waliolipokea neno hilo kama lilivyo. Wapo pia waliouliza hadharani kama chanzo halisi si mgogoro wa mkataba wa kuuendesha mfumo wenyewe. Sikuja kuamua nani alisema kweli. Ninachotaka tukione ni kwamba ugonjwa wa kompyuta hauonekani kwa macho ya mtazamaji. Mashine iliyodukuliwa na mashine iliyofungwa na mwenye mkataba, kwa raia aliyepanga foleni ya pasipoti, ni kitu kimoja: zote hazifanyi kazi. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni ushahidi ambao mtu wa pili anaweza kuuchunguza akafika kwenye jibu lile lile. Swali lililolikabili Bunge ndilo linalomkabili kijana aliyeshika flashi mbele ya kompyuta ya darasani, ila yeye hana kamati wala wataalamu, na ana dakika chache tu za kuamua.

Kwa nini nasema hakuna programu ya kuamua kwa niaba yetu? Hili si suala la uchache wa fedha wala uzembe wa watengenezaji. Mwaka 1984 Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, alichapisha makala juu ya virusi vya kompyuta, na ndani yake akaonyesha kwamba haiwezekani kuwepo programu inayobaini virusi vyote bila kukosea. Hoja yake inafuatika hata na asiye mwanahisabati. Tuseme ipo programu hakimu, ambayo ukiipa faili lolote inajibu kwa hakika, “hiki ni kirusi” au “hiki si kirusi”. Basi mtu anaandika programu yake na kumweka hakimu huyo ndani yake. Programu inamwuliza hakimu juu yake yenyewe. Hakimu akisema ni kirusi, inatulia na haifanyi lolote; akisema si kirusi, inaanza kusambaa. Kwa jibu lolote atakalotoa, hakimu amekosea. Hivyo hakimu asiyekosea hawezi kuwepo. Alan Turing alikwisha kuonyesha jambo la ukoo mmoja na hili mwaka 1936, kabla kompyuta za leo hazijajengwa: yapo maswali juu ya mwenendo wa programu ambayo hakuna kanuni moja inayoweza kuyajibu yote.

Mtu anaweza kuniuliza: ikiwa uhakika haupo, kuchunguza kuna faida gani? Faida ipo, na ni kubwa. Uthibitisho wa Cohen unamkana hakimu mkamilifu; haumkani mpelelezi mzuri. Programu hasidi nyingi zinazozunguka mikononi mwa watu ni za zamani, zimekwisha kuonwa, kuchambuliwa na kupewa majina, na antivairasi ya kawaida huzitambua kwa kulinganisha faili na alama zilizohifadhiwa, au kwa kutazama mwenendo wake linapoanza kufanya kazi. Windows ya siku hizi inakuja na kinga yake ndani, bila malipo ya ziada. Anayeizima kwa sababu inachelewesha mashine, au kwa sababu maelekezo ya nakala ya wizi ya programu yamemwambia aizime kwanza, anamfukuza shahidi wa kwanza kabla kesi haijaanza. Kwa hiyo sisemi antivairasi haifai. Nasema neno lake ni ushahidi mmoja, na ushahidi huo una mipaka miwili ambayo historia imetuonyesha waziwazi.

Mpaka wa kwanza ni kimya. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika seva zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao kwa vita, majanga na uhamaji. Wengi wenu hapa mnajua huduma hiyo ya kutafuta ndugu waliopotezana njiani ina maana gani. Katika maelezo yake Kamati ilieleza kwamba kinga za seva zilikuwa zikifanya kazi na zilizuia baadhi ya mafaili ya wavamizi, lakini mengi ya mafaili hayo yalikuwa yametengenezwa mahususi kuzikwepa kinga hizo. Wavamizi waliingia Novemba 2021 na kukaa humo wiki kadhaa kabla ya kugunduliwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Antivairasi isiyotoa onyo inatuambia tu kwamba haijaona kinachofanana na yale inayoyajua. Kuusoma ukimya huo kama cheti cha usafi ni kuupa maana isiyokuwamo.

Mpaka wa pili ni kelele. Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee ilisambaza masasisho ya antivairasi yake, na masasisho hayo yakalitambua kimakosa faili halali la Windows XP, liitwalo svchost.exe, kuwa ni kirusi. Kompyuta katika ofisi, hospitali na shule za nchi mbalimbali ziliondolewa kiungo chao muhimu na mlinzi wao wenyewe, zikawa zinajizima na kujiwasha. Onyo basi nalo si hukumu. Aliyepata onyo anapaswa kusimama na kutafuta ushahidi zaidi, badala ya kufuta papo hapo kazi ya mwaka mzima ya mwanafunzi kwa sababu dirisha jekundu limetokea. Tukiiweka mipaka hii miwili pamoja, tunaona kwamba swali la “je, antivairasi imesema nini?” ni la kuanzia tu. Yapo mengine manne: limetoka wapi, ni kitu gani hasa, nani mwingine amewahi kuliona, na linafanya nini likifunguliwa.

Swali la kutoka wapi ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa zaidi kwa sababu halihitaji ufundi. Programu iliyopakuliwa kwa mtengenezaji wake na nakala ya programu hiyo hiyo iliyopita katika flashi sita, ikavunjwa ufunguo na mtu asiyejulikana, zina jina moja na picha moja, lakini si kitu kimoja. Chukueni mfano wa WhatsApp zilizogeuzwa, zinazopendwa na vijana kwa sababu zina rangi na mbwembwe zisizokuwamo katika ile halisi. Agosti 2021 kampuni ya Kaspersky ilieleza kwamba toleo mojawapo la FMWhatsApp lilikuwa limebeba ndani yake Triada, programu hasidi ya simu za Android inayoweza kupakua nyingine na kumwandikisha mwenye simu katika huduma za kulipia bila idhini yake. Mtumiaji aliona ujumbe unakwenda na kurudi kama kawaida. Kilichomhukumu ni asili ya faili, na asili hiyo angeweza kuiuliza kabla hajatumia hata baiti moja ya bando lake.

Najua pingamizi linalokuja hapa, na ni la haki. Mwaka 2017 CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, ilitoka kwa mtengenezaji wake halali ikiwa na sahihi halali ya kidijiti, na bado toleo lake la 5.33 lilikuwa limetiwa programu hasidi na watu waliopenya katika mitambo ya watengenezaji. Kompyuta zaidi ya milioni mbili zililipokea. Je, si ushahidi kwamba hata asili hudanganya? Ndiyo, hudanganya, kwa nadra. Lakini angalieni jinsi kosa lile lilivyomalizika. Kwa kuwa watu wote walichukua toleo moja kutoka chanzo kimoja, wachunguzi waliweza kulikamata, kulitaja kwa namba, na kuwaambia watu wasasishe. Nakala ya mtaani ikiwa na sumu haina wa kuitangaza, haina namba, wala haina wa kusasisha. Asili halali haikupi uhakika. Inakupa mtu wa kumwuliza na njia ya kurekebisha, na hilo ni jambo kubwa.

Swali la pili ni kama faili ni kile linachojitaja kuwa. Mei 2000 kirusi kilichoitwa ILOVEYOU kiliruka kutoka Ufilipino na kuzunguka dunia kwa siku chache, na silaha yake kubwa ilikuwa jina. Barua pepe ilibeba kiambatisho kilichojiita LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows kwa kawaida huficha kiendelezi cha mwisho cha faili inachokijua, kwa hiyo watu waliona TXT, wakadhani ni maandishi matupu ya kusoma, kumbe ni maagizo ya kutekelezwa. Zaidi ya miaka ishirini imepita na hila hiyo bado inaishi, kwa sababu Windows bado huficha viendelezi mpaka mtu aiambie isifiche. Badiliko la kwanza ninaloliomba katika kila kompyuta ya hapa ni hilo, na halina gharama: viendelezi vionekane. Baada ya hapo, jina likiendelea kutiliwa shaka, baiti za mwanzo za faili hazidanganyi kirahisi kama jina. Faili la programu ya Windows huanza na herufi MZ, la PDF huanza na alama ya asilimia na herufi PDF, na la zipu huanza na PK. Mwanafunzi anayefungua kwa kihariri cha baiti barua iitwayo “Matokeo.pdf” akakuta MZ ameshapata ushahidi wa uongo, na faili linalosema uongo juu ya jinsi yake halina sababu ya kuaminiwa katika jingine.

Hebu tuitazame flashi kwa karibu, kwa sababu ndiyo barabara kuu ya mafaili kati ya Lilongwe na Dzaleka. Mtu anaichomeka na kuona folda zake, Picha, Shule, Vyeti, lakini kila moja ina kishale kidogo pembeni, na ukitazama ukubwa unakuta kilobaiti moja au mbili. Hizo si folda. Ni njia za mkato zilizovishwa picha ya folda. Folda halisi zimefichwa, na njia ya mkato ikibofywa hutekeleza kwanza programu iliyofichwa pamoja nazo, kisha hufungua folda halisi ili mwenyewe azione picha zake na asishuku lolote. Hila hii ilipata nguvu hasa baada ya Microsoft, mwaka 2011, kusambaza masasisho ya kuzuia flashi zisijiendeshe zenyewe zinapochomekwa: waandishi wa virusi wakahamisha kazi ile kutoka kwa mashine kwenda kwenye kidole cha mtu. Lakini ichomekeni flashi hiyo hiyo kwenye kompyuta ya Linux. Kwa kawaida folda zilizofichwa huonekana wazi, vishale hubaki mafaili yasiyo na nguvu, na programu ya Windows iliyojificha hukutwa imelala bila uwezo wa kujiendesha.

Kuna jambo jingine juu ya flashi ambalo hata mafundi hulisahau. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro, yaani maagizo yaliyofichwa ndani ya nyaraka za Word na Excel, kwa nyaraka zilizotoka kwenye intaneti. Kinga hiyo inategemea alama ambayo Windows huibandika kwenye faili linapopakuliwa. Alama hiyo huhifadhiwa na mfumo wa diski unaoitwa NTFS. Flashi nyingi zimeandaliwa kwa FAT32 au exFAT, mifumo ambayo haiwezi kuibeba. Kwa hiyo waraka uliopakuliwa kwenye kompyuta ya Lilongwe ukiwa na alama, ukanakiliwa kwenye flashi, ukaletwa hapa, unafika umevuliwa alama yake, na kompyuta ya Dzaleka inaupokea kama mwenyeji asiyetoka popote. Kuzuiliwa kunaondoka, kunabaki kitufe cha kuruhusu maagizo ambacho mtu hubofya bila kusoma. Nyaraka zinazotufikia kwa mkono, ambazo tunaziamini kwa sababu tunamjua aliyezileta, zinafika na kinga pungufu kuliko zile za moja kwa moja kutoka mtandaoni. Kumjua mleta flashi si kuijua asili ya faili.

Swali la tatu ni nani mwingine amewahi kuliona, na hapa hesabu inatupa chombo cha ajabu. Kila faili linaweza kufupishwa kwa kanuni iitwayo SHA-256 kuwa mfuatano wa tarakimu na herufi 64. Badilisha nukta moja katika kitabu cha kurasa elfu, mfuatano huo unabadilika wote. Amri ya kuutoa imo tayari ndani ya Windows, certutil, na ndani ya Linux, sha256sum. Ukiwa na herufi hizo 64 unaweza kuzitafuta katika huduma kama VirusTotal, iliyoanzishwa Málaga, Hispania, mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, ambayo hukuonyesha walivyosema antivairasi takriban sabini juu ya faili lile. Jibu lake nalo linahitaji kusomwa kwa akili. Antivairasi hamsini zikiafikiana, jambo limekwisha. Mbili au tatu zikilalamika kwa jina la jumla, huenda ni kelele, kwa sababu kampuni hizi huangaliana na wakati mwingine hurithi makosa ya wenzao. Na kama faili halijulikani kabisa, maana inategemea linajidai kuwa nini. Barua yako ya maombi ya chuo haijulikani na hakuna ajabu, kwa sababu ni yako peke yako. Lakini faili linalodai kuwa kisakinishi cha programu inayotumiwa na mamilioni, likawa halijawahi kuonwa na yeyote duniani, linajishitaki lenyewe.

Sasa nafika kwenye jambo linalonigusa kuliko yote. Huduma kama hizo hukuruhusu pia kupakia faili lenyewe. Ukifanya hivyo, faili linahifadhiwa, na wateja wanaolipia pamoja na kampuni za usalama wanaweza kulipata. Kwa kisakinishi cha programu hakuna tatizo. Lakini Dzaleka ina watu zaidi ya 50,000, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 hapa wilayani Dowa, mahali palipokuwa gereza zamani za Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, na wengi wao walikuja kutoka Kongo, Burundi na Rwanda wakikimbia watu wenye majina. Katika kompyuta za huduma hapa zimeskaniwa fomu za maombi ya hadhi ya ukimbizi, maelezo ya yaliyowapata watu, vyeti vya kuzaliwa, anwani za ndugu waliobaki. Kuupakia mtandaoni waraka wa mwenzako ili kujua kama una kirusi ni kuiweka habari ya maisha yake mikononi mwa watu asiowajua wala kuwaridhia. Malawi ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2024, na hata kama isingekuwepo, wajibu huu ungetufunga. Basi kanuni iwe hii bila kulegezwa: herufi 64 zinaweza kwenda popote, kwa maana kutoka kwazo hakuna awezaye kuurudisha waraka; waraka wenyewe hauondoki bila ruhusa ya mwenyewe.

Swali la nne, faili hufanya nini likifunguliwa, ni la waliofundishwa. Linafunguliwa ndani ya kompyuta pepe iliyotengwa, mtazamaji akiangalia kama linajiandika katika orodha ya vinavyoanza na mashine, kama linaita seva ya mbali, kama linafunga mafaili kwa ufunguo. Vijana wanaosomea programu wajifunze kazi hii, na waanze na faili la majaribio la EICAR, herufi 68 zisizo na madhara zilizotungwa ili kila antivairasi izitambue, badala ya kuchezea virusi hai katika chumba kinachotumiwa na wengine. Lakini nao wajue kwamba zipo programu hasidi zinazotambua kuwa zimewekwa kwenye kompyuta pepe na kutulia tuli mpaka zitolewe. Hoja ya Cohen inaturudia tena: utulivu wakati wa kuchunguzwa hauthibitishi wema.

Yapo mapingamizi matatu ambayo sitayakwepa. La kwanza linasema sisi ni maskini, hatuna cha kuibiwa. Mwenye simu yenye huduma ya pesa ya Airtel Money au Mpamba anacho. Mwenye majina ya ndugu zake katika simu anacho. Na kompyuta ya darasa ni mali hata kama hakuna aliye na jina lake juu yake: masomo ya chuo kwa njia ya mtandao yalianza Dzaleka mwaka 2010 kupitia Shirika la Wajesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi, na kwa mtu ambaye sera ya nchi inamtaka akae ndani ya kambi, mashine hiyo ndiyo mlango wa shule na wa kazi. Machi 2023, serikali ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, thamani ya mlango huo iliongezeka. La pili linasema bando ni ghali. Ni kweli, ndiyo maana nimesisitiza ushahidi usio na gharama: kuuliza asili na kuonyesha viendelezi hakuli bando lolote, na kutafuta herufi 64 hula kidogo sana, wakati kurudisha kompyuta iliyoharibiwa, pamoja na masasisho yake yote, hula bando la wiki nyingi. Na anayetumia nakala za wizi kwa sababu hana pesa ajue kwamba LibreOffice na Ubuntu ni za bure kihalali, na zinaweza kupakuliwa mara moja kutoka kwa wenyewe, zikahakikiwa kwa herufi zake, kisha zikagawiwa kambi nzima.

Pingamizi la tatu ni gumu zaidi. Linasema wenye nguvu hawahitaji faili. Mwaka 2021 maabara ya Amnesty International iligundua kwamba simu ya Carine Kanimba, binti wa Paul Rusesabagina, mkosoaji wa serikali ya Rwanda, ilikuwa imeingiliwa na Pegasus, programu ya kijasusi inayoweza kuingia bila mwenye simu kubofya chochote. Utaratibu wa viendelezi na flashi ungemsaidia nini? Usingemsaidia, na ni dhuluma kumlaumu mtu kwa shambulio la namna ile. Lakini tazameni alivyojua. Alijua kwa sababu wapo watu waliokusanya alama ndani ya simu, wakazilinganisha na alama za simu nyingine, na wakatoa matokeo yanayoweza kuhojiwa. Hata pale ambapo kinga imeshindwa, ushahidi uliomuwezesha kusimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 2022 na kusema yaliyomfika ulitokana na nidhamu ile ile ninayoitetea. Anayezoea kuuliza maswali madogo ndiye atakayejua lini swali limekuwa kubwa mno kwake na linapaswa kupelekwa kwa wataalamu, wakiwemo wa MACRA, mamlaka ya mawasiliano iliyopewa jukumu la usalama wa mtandao kwa sheria ya mwaka 2016.

Kwa hayo yote, ninapendekeza mambo manne kwa kila darasa la kompyuta na kila kibanda cha kuprinti hapa Dzaleka. Moja, kompyuta moja kuukuu yenye Linux, isiyohifadhi nyaraka za mtu, iwe ndiyo ya kwanza kupokea kila flashi, hata ya mkuu wa kituo. Pili, visakinishi vyote viwekwe mahali pamoja, herufi zake 64 zimeandikwa katika daftari pamoja na tarehe na chanzo, na kisichokuwamo kisisakinishwe. Tatu, waraka wa mtu usipakiwe popote bila yeye kuambiwa na kukubali. Nne, anayechunguza asiandike “safi”. Aandike aliyoyaona: limetoka wapi, ni la jinsi gani, limejulikana au halijajulikana, na kama linafaa kufunguliwa kwenye mashine ipi. Faili lenye shaka ndogo linaweza kufunguliwa kwenye kompyuta isiyo na kitu. Faili hilo hilo halifai kabisa kwenye kompyuta yenye fomu za watu mia mbili. Uamuzi unategemea ushahidi tulio nao, na unategemea pia watu tutakaowaumiza tukikosea. Mashine haiwezi kuupima uzito huo wa pili. Sisi tunaweza, na kwa kuwa tunaweza, tunawajibika.